Kiti Ambacho Sikukitengeneza

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu mstaafu kaja na wakili. Kiti nilichomuuzia mwezi jana kimekatika mguu, yeye kavunjika mkono. Anataka gharama za hospitali na fidia juu yake. Nimepiga hesabu: karakana yote inaondoka, pamoja na msumeno wa umeme. Anadai alikuwa amekaa tu. Sawa, alikaa. Lakini alikaa vipi?

Jumanne, 5 Machi
Nimekumbuka bima. Shemeji, mdogo wake mama watoto, ambaye ni wakala wao, alinisumbua mwaka mzima mpaka nikakata ili anyamaze. Kasema nitulie: mteja akinishtaki, kampuni inaniwekea wakili, na tukishindwa inalipa. Mimi natoa sehemu ndogo ya mwanzo. Nikauliza kwa nini nitoe hata hiyo wakati ada nimelipa. Kasema shemeji, sikiliza, usikiri kosa kwa mtu yeyote. Hilo nimelielewa.

Jumatano, 6 Machi
Nimewaza usiku kucha. Ukikiri kuwa ulitengeneza kiti, si umeshakiri nusu? Nimeng'oa kibao cha mlangoni na kufunika viti kwa turubai. Fundi wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Msumari, kauliza kwa sauti kubwa kama nimefilisika. Nikamjibu simjui. Tumesoma darasa moja.

Alhamisi, 7 Machi
Kaja bwana wa tai na kamera, mpole kupita kiasi. Kauliza kama karakana ni yangu. Nikasema napita tu. Mbona umeshika randa? Nikasema nimeiokota. Mama watoto akaleta chai, akaniita mume wangu. Nikasema huyu mama ananifananisha. Bwana kaandika, kaondoka. Nimemmaliza. Chai imepelekwa kwa Msumari.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kapiga simu. Yule bwana ni mkaguzi wa bima, yaani wa upande wangu. Kaandika kwamba pale hapana karakana wala fundi, na kampuni haiwezi kumlinda mtu ambaye hayupo. Sasa nilitii au sikutii? Shemeji kasema kutokiri mbele ya anayekushtaki ni jambo moja, kumdanganya anayekulinda ni jingine. Angesema hivyo Jumanne.

Jumatatu, 11 Machi
Mama watoto kaenda ofisi za bima na risiti, kibao cha mlangoni na picha yetu ya harusi. Hasemi na mimi. Mkaguzi karudi. Nimemjibu yote, hata kwamba sikungoja gundi ikauke.

Jumanne, 26 Machi
Kampuni imemlipa mwalimu, kesi imeisha. Mimi nimetoa ile sehemu ya mwanzo, kwa uchungu. Karakana imebaki. Shemeji anangoja nimshukuru. Kwa ada yangu mwenyewe?

Jumatano, 27 Machi
Asubuhi kaja mama mmoja nadhifu, mkoba umejaa. Anataka viti arobaini vya ukumbi. Kasema mwalimu kamsimulia alivyolipwa bila mabishano, na fundi wa namna hiyo ndiye anayemtaka. Kauliza kama ni mimi.

Nikamtazama. Hana tai. Ndio ujanja wa wanaoshtaki siku hizi.

Nikamwambia mimi na viti wapi na wapi, avuke barabara. Akavuka. Nilisikia kwa masikio yangu Msumari akikiri papo hapo kwamba ni fundi, tena anacheka, anapokea malipo ya awali kwa mikono miwili.

Namwonea huruma. Hana hata bima.