Makohozi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Ukungu mpaka saa tano. Mashine mpya imewashwa leo hapa maabara, kwenye kituo chetu cha afya njia ya Shume. Ndogo tu, kama jiko la gesi la sahani moja, na ina bakuli la maji. Unatumbukiza kichupa cha makohozi kilichofungwa barabara, unabonyeza. Mawimbi ya sauti, makali kuliko sikio linavyoweza kusikia, yanapita kwenye maji na kuwapasua bakteria waliomo. Vinasaba vyao vinamwagika, kipimo kinavinasa. Hata wakiwa wachache kiasi cha hadubini kuwakosa!

Aliyepelekwa Tanga kujifunza kuitumia ni Jenoveva. Siyo mimi. Tunafanya kazi chumba kimoja, nimemtangulia kazini, na mwandiko wangu ni mzuri. Ufunguo wa kabati la mashine anauvaa shingoni. Nilimwambia sijali hata kidogo. Akasema vizuri, basi nioshe vioo.

Hilo dogo. Kubwa ni mama mkwe. Bi Mwanahamisi alishuka kutoka Mtae baada ya Idi, eti kumsalimia mjukuu. Anakohoa. Anageukia ukutani, anajifunika kanga, kisha anasema ni moshi wa jikoni. Jiko letu ni la gesi! Amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Na binti yetu Asha, ambaye hata kutembea hajaanza vizuri, hataki kulala popote ila kifuani kwa bibi yake.

Lazima apimwe. Lakini nitamwambiaje? Huyu ni mtu ambaye namwamkia nimeinama, na akiwa anakula sipiti mbele yake. Nimwambie shikamoo Mama, naomba utemee humu? Ningehama wilaya.

Nina mpango.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wenyewe: kikopo, bila maneno. Nimekiacha kando ya kitanda chake asubuhi. Kipya, mfuniko wa bluu. Mwenye kikohozi akiona kikopo kitupu atajiongeza.

Jioni nimekikuta jikoni. Kimejaa chumvi. Mama alikuwa ameniombea dua ndefu kwa kumletea zawadi, akasema chumvi ya nyumba hii ilikuwa inalala wazi kama yatima. Salama, mke wangu, alinitazama. Nilikula maharage yangu macho chini.

Salama anasema ameshamwuliza mama yake mwenyewe. Alijibiwa ni baridi ya Juni, itapita. Alikuwa analia huku anaosha vyombo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, aniachie mimi. Akalia zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Jana nilibuni mpango wa pili. Mama alikuwa nyuma ya pazia anamenya viazi. Nikamwambia Salama kwa sauti kubwa kwamba kuna mashine mpya, na wataalamu wanatafuta makohozi ya wazee wenye afya nzuri, ya kulinganishia. Viazi vikatulia. Baadaye Mama akamtuma Salama aniambie kwamba kama ni kulisaidia taifa, yeye yuko tayari.

Leo asubuhi kikopo kilikuwa mlangoni. Kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Cha kufuma! Nilitembea hadi kazini kama nimebeba yai. Nikafungua maabara. Mate. Meupe, safi, mate ya heshima kabisa. Makohozi hutoka chini kifuani. Haya hayakuwa yamevuka ulimi.

Si neno, nikawaza, mashine ina nguvu.

Jenoveva akauliza ni ya nani. Nikasema ya mzee mwenye afya. Jina? Nikasema hapendi kujulikana. Akakisukuma pembeni. Alisema mashine inapasua bakteria waliomo, haiwezi kuwaleta wasiokuwemo. Mate yakitoa jibu la hakuna kitu, tutamdanganya mtu kwamba ni mzima, naye atarudi nyumbani kulala karibu na nani?

"Na Asha," nikasema. Lilinitoka tu.

Jenoveva akaweka kalamu chini. Anamjua Asha, ambaye aliwahi kumtapikia gauni la harusi ya mdogo wake. Akauliza polepole kama huyu mzee ni mama mkwe wangu. Nikakana. Akasema kesho atakuja kwetu kunywa chai.

Ijumaa, 7 Juni

Nilimpanga Jenoveva njia nzima. Yeye ni binamu wa Salama kutoka Gare. Amekuja kuulizia mbegu za karoti. Kutoka karoti tunahamia macho, kutoka macho tunashuka kifuani, bila Mama kujua tumefikaje. Mpango safi! Kwamba Jenoveva alikuwa amevaa msalaba, na ukoo wa Salama wote ni wa msikitini, sikuliona mpaka tulipofika mlangoni.

Hata hivyo mpango wangu hakuutumia. Alipiga goti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Jenoveva, nafanya kazi na Hashimu. Mama, unakohoa, na umekonda. Nimekuja kukuomba nikupime kifua kikuu."

Hivyohivyo! Bila karoti!

Niliomba ardhi ipasuke. Mama akaweka kikombe chini.

"Neno hilo nalingoja tangu nifike," akasema. "Mnadhani nimeshuka kutoka kule juu kwa ajili ya mjukuu peke yake? Nilijua mkwe wangu yuko maabara. Lakini mkwe unamwanzaje na habari za makohozi?"

Akajifunika uso kwa kanga, akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kirefu, na hakuna aliyetaja moshi. Salama alimshika mabega. Mimi nilitoka kuangalia kabichi.

Jenoveva akamleta uani penye upepo, akamfundisha kuvuta pumzi mpaka chini na kukohoa kutoka huko. Nikawapa mgongo, nikatazama mlima mpaka wakamaliza. Heshima zote zilizingatiwa.

Jumatatu, 10 Juni

Sampuli ilikuwa kidogo, lakini ya kifuani kweli. Jenoveva akaitayarisha, akaifunga, kisha akaniambia nibonyeze mimi. Ukasikika mluzi mwembamba kama wa mbu. Maji yakatetemeka.

Jibu: wamo. Wachache. Kwenye hadubini Jenoveva hakuwaona kabisa. Dawa za kawaida zinawaweza.

Alimweleza Mama kwenye benchi la nje, Salama akiwa kando. Mama hakuuliza kuhusu nafsi yake. Aliuliza mtoto je. Jenoveva akasema Asha atachunguzwa, na akionekana mzima atapewa dawa ya kinga, na kwa sasa Mama alale peke yake, dirisha wazi. Mama akaitikia kwa kichwa. Akamfungua Asha mgongoni, akamkabidhi kwa Salama taratibu, kama anarudisha chungu cha kuazima.

Nilitaka kusema jambo zuri. Nikasema dirisha la chumba chake linafunguka vibaya, nitalitengeneza leo.

Nimelitengeneza. Halifungi tena.

Jumamosi, 29 Juni

Asha ni mzima, anakunywa kinga yake na kuitema nusu kwenye shati langu. Mama amerudiwa na hamu ya kula. Mimi ndiye msimamizi wa dawa zake. Kila asubuhi anameza, kisha anapaswa kufungua mdomo nione zimeshuka. Anafungua mdomo akitazama sakafu, mimi naangalia dari. Tunaaminiana.

Leo amesema anarudi Mtae, maharage yake yanamngoja, na dawa atachukua zahanati ya huko. Sikuweza kumaliza chai. Nimeizoea ile asante yake ndogo asubuhi.

Salama anasema nimwombe tu abaki. Jenoveva kasema vilevile, na hakuna aliyemwuliza. Hawa watu hawaelewi mambo ya ukwe!

Nimeshaonana na Rajabu, dereva wa basi la Mtae. Mama akifika stendi, amwambie daraja limevunjika. Rajabu akauliza mpaka lini. Nikasema mpaka dozi iishe, miezi sita. Akauliza abiria wengine atawapitisha wapi.

Huyu dereva hana ubunifu kabisa.