Kurasa Zaidi ya Mia na Fomu Moja

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ushindi! Nimenunua andazi moja kwenye mgahawa wa Dada Selina, Karatu mjini, nikalila polepole kama mgonjwa. Kwa waifai yake nimefungua kurasa nyingine thelathini na mbili kwenye simu. Nikirudi nyumbani Qurus nazima data, nasoma bure, maana sizifungi. Ujanja wangu mwenyewe! Uji wa mtoto wa miezi minane, mkate wa maboga, kuku asiyetaga, yote yamo. Kubwa kuliko yote, fomu ya hoteli. Wanataka mtu wa kufundishwa kuoka mikate. Mmoja tu! Mwisho Ijumaa saa sita mchana. Nimejaza nusu.
Kurasa zilipopita tisini na tisa, namba ya hesabu yake juu ya kioo ikapotea, mahali pake pakatokea kisura kinacheka. Simu imefurahi. Na mimi pia.

Jumanne, 4 Machi
Simu inakwenda kama trekta lenye pancha. Fomu siioni. Wifi yangu Doreen, dada yake Hilary mume wangu, kaomba achungulie. Kacheka mpaka kakaa chini. Ati wifi, hii simu au kihenge cha mahindi? Akataka azifunge kurasa zote. Thubutu! Yeye anafungua ukurasa mmoja, akimaliza anafunga. Maisha gani hayo?
Tumewekeana dau. Fomu isipofika hotelini, jogoo wangu ni wake, na mchuzi napika mimi. Ikifika, atafua nepi za mwanangu Lilian wiki nzima.

Jumatano, 5 Machi
Mpango mpya: kuorodhesha kurasa zote kwenye daftari. Nimefika ya arobaini na tatu, mkate wa maboga. Nikaingia jikoni kuujaribu kidogo tu. Umeumuka! Hilary kala vipande vinne, akauliza leo sikukuu gani.
Orodha imeishia hapo.

Alhamisi, 6 Machi
Fomu nimeiona! Imebaki swali moja: kwa nini tukuchague wewe? Nikafikiri. Simu ikaganda. Nikaiacha mkekani nikakoroge uji. Kurudi, Lilian kaishika kwa mikono miwili, analamba kioo.
Kurasa zimefungwa. Zote! Fomu nayo!
Nimelia. Yeye akapiga makofi. Nikambusu. Ningefanyaje, na meno yenyewe mawili?

Ijumaa, 7 Machi
Kwa Selina mapema, mtoto mgongoni. Andazi. Fomu ikafunguka kabla sijatafuna! Nikajaza upya. Kwa nini tukuchague? Asubuhi nzima nikafikiri, mwishowe nikaandika ukweli, kwamba mume wangu alionja mkate wangu akadhani ni sikukuu. Saa tano na dakika hamsini imekwenda!
Saa tisa wamepiga simu. Mama wa hotelini alikuwa bado anacheka. Kasema nianze Jumatatu, na mkate wenyewe nije nao. Nimemrusha Lilian juu mara tatu. Hilary kauliza tena ni sikukuu gani. Nikamwambia ya leo ni yangu.

Jumapili, 9 Machi
Doreen anafua nepi huku kanuna. Anasema basi angalau, wifi, umejifunza.
Sana! Nimejifunza kwamba simu ilikuwa imejaa, na sasa ina nafasi. Baada ya misa nimepita kwa Selina. Maandazi mawili, kurasa tisini na nane, za mikate tupu. Nikaongeza moja inayoeleza namna ya kupunguza kurasa. Ni ndefu, nitaisoma nikitulia. Nikaongeza na ya pili, iwe akiba.
Kisura kile! Kimerudi, kinacheka.