Jina Langu Kwenye Chupa

Jumanne, 9 Septemba

Shemeji katangaza leo. Jumamosi kuna karamu uani, mbele ya banda lake la kutengenezea bia. Kila chakula kipikwe kwa bia yetu. Kila chupa atakayoagiza mgeni ni tofali moja la jiko la kituo cha watoto yatima. Mama Mpishi wa pale anapikia chini ya turubai na mvua inamwongezea mchuzi. Hayo niliyasikia kwa sikio moja. Sikio la pili likaamka aliposema: mwenye sufuria bora, bia mpya itaitwa kwa jina lake. Jina! Kwenye chupa! Mimi niliyeosha chupa mwaka mzima hadi vidole vikawa zabibu kavu!

Ushindi ni wangu. Nimeshafanya mazoezi ya kutabasamu kwa ajili ya picha ya lebo. Upande wa kushoto napendeza zaidi.

Kipimajoto akacheka. Huyu ndiye mtengenezaji bia mkuu wa shemeji. Kasoma chuo, hatembei bila kipimajoto mfukoni mwa shati, nadhani hata mchumba wake anampima kwanza ndipo amkumbatie. Akasema mimi hata maji huyaunguza. Nikamjibu kuunguza maji ni kipaji, ajaribu yeye tuone.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwuliza dada siri ya nyama yake ya kuchemsha. (Dada ndiye mke wa shemeji. Ndiyo maana nina kazi.) Akasema: bia nyeusi, ile tamu, kikombe kimoja kwa sufuria nzima, moto mdogo, subira. Kikombe kimoja! Mke wa mwenye bia! Uchoyo wa namna hii sijapata kuuona.

Mimi nimechagua Kichwa Ngumu, bia yetu kali kuliko zote. Imejaa hopsi, yale maua machungu ambayo wateja huyanusa wamefumba macho kama wanaombewa. Nusu kreti. Ikiwa mtu anasifia kikombe, kwa nusu kreti si atazimia? Hesabu rahisi. Na shule niliiacha mimi, siyo yenyewe iliyoniacha.

Kipimajoto kaniona na kreti. Akaniambia, wala hakuulizwa, kwamba bia ikichemka maji yanaondoka, uchungu unabaki pale pale. Nikamwambia asante, mwalimu. Ananiogopa. Inaonekana wazi.

Alhamisi, 11 Septemba

Upelelezi. Kipimajoto atakaanga samaki waliochovywa kwenye rojo la unga na bia nyepesi. Eti povu la bia ndilo linalolipa ganda wepesi. Povu, ee? Nikaichukua chupa aliyoitenga, nikaifungua, nikaianika juani hadi povu likafa, nikaifunga upya kwa mashine, nikairudisha. Kazi safi.

Muda si muda shemeji akashikwa na kiu. Kati ya chupa zote duniani, akachukua ile. Akanywa. Akaigeuza chupa, akakitazama kifuniko. Akauliza kwa upole: hapa anayefunga vifuniko ni nani? Upole wa shemeji ni mbaya kuliko kelele zake. Anayefunga vifuniko ni mimi.

Nimekagua vifuniko vya akiba yote, kimoja kimoja, hadi giza likaingia. Kipimajoto alipita akipiga mluzi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepika tangu asubuhi hadi alasiri. Harufu safi! Rangi safi! Nikaonja. Ulimi ukafunga virago. Nikatia sukari. Ikawa chungu yenye sukari. Nikatia tena. Paka akaja, akanusa, akahamia kwa jirani. Mpaka sasa hajarudi.

Dada akaonja, akashika ukuta. Akauliza: mdogo wangu, hii ni nyama au adhabu? Nikamwambia hiyo ndiyo ladha ya watu wazima. Akanitazama kama siku ile nilipotumbukia kwenye pipa. Akasema anajua ninavyolitamani lile jina, akaenda zake.

Sijakata tamaa. Dada naye anapika nyama, tena kwenye sufuria pacha ya hii yangu. Alipewa zote mbili siku ya harusi. Kesho kila sufuria inabandikwa karatasi yenye jina la mpishi. Karatasi! Kitu kinachobanduka!

Jumamosi, 13 Septemba

Mchana, watu wakipanga viti, nikaingia jikoni. Nikabandua, nikabandika. Jina langu kwake, lake kwangu. Mifuniko sikuigusa, harufu isije ikaniumbua. Dada atasamehe. Ndiyo kazi ya dada.

Jioni nikasimama nyuma ya sufuria yenye jina langu, nimegeuza upande wa kushoto. Nikafunua. Harufu ile nikaitambua: ya nyama yangu mwenyewe.

Dada alikuwa ananikonyeza kutoka mezani kwake. Akafunua yake, akaonja, akaacha kukonyeza. Akaja mbio, akaninong'oneza: asubuhi alinihurumia, akazibadilisha zile karatasi ili nishinde. Nikamwambia na mimi nimezibadilisha. Tukatazamana. Wageni walikuwa wameshapanga foleni.

Mgeni wa kwanza, fundi cherehani, alitafuna mara mbili, akaita chupa. Wa pili akaita chupa mbili. Mzee mmoja hakusubiri, akanywa ya jirani yake. Lakini nani atathubutu kukimwaga chakula cha karamu ya yatima mbele ya macho ya watu? Wakala kiungwana, tonge moja, chupa moja. Shemeji alikimbia na makreti kama anazima moto.

Jaji alikuwa Mama Mpishi. Kwangu alionja, akafumba macho, akasema ameshawahi kumeza kwinini tamu kuliko hii. Samaki wakashinda. Bia mpya itaitwa kwa jina la Kipimajoto. Yule!

Baadaye Mama Mpishi akaja akanishika mkono. Akasema jiko limepata matofali ya kuta zote, na ya stoo pia, na mvua ijayo haitamkuta nje. Machozi yalimlenga. Akaniomba jambo moja tu: nisije nikapika ndani yake.

Jumatatu, 15 Septemba

Zawadi yangu: kubeba matofali. Shemeji kasema aliyeyaleta ndiye ayapeleke. Mgongo siusikii.

Kipimajoto kaja kunisaidia, kavua hata shati lenye kile kipimo chake. Akasema mchuzi wangu umejenga kuliko samaki wake. Nikamwambia aache kujipendekeza.

Kila tofali nimelichora jina langu kwa msumari. Kila moja! Chupa hunywewa ikatupwa, ukuta unabaki. Nilipomaliza, fundi mwashi akaniambia juu yake inapigwa plasta.

Si kitu. Nimekaa nimefikiri, na kosa nimeligundua. Bia ilikuwa kidogo. Mwezi ujao wale watoto wanatafutiwa madawati, na karamu itakuwa ya keki. Dada anasema kwenye unga ni vijiko viwili vya bia. Vijiko! Nimeshaficha kreti nzima ya Kichwa Ngumu chini ya kitanda. Na picha ya lebo nimepiga, upande wa kushoto.