Spiriti Isiyotaka Kuachana na Maji

Jumatatu, 4 Machi
Nuru ya macho inamtoka Mjomba. Leo kapapasa meza mpya, kauliza kama ina ukungu. Inao. Spiriti tunayoyeyushia vanishi ina maji, na maji yanaacha weupe kwenye mbao. Kasema atakayemletea spiriti isiyo na tone la maji atakabidhiwa ufunguo wa karakana. Angependa kuona meza moja inang'aa kabla hajapofuka kabisa. Nikaapa ni mimi! Akanisifu mbele ya mafundi wote. Binamu yangu, bintiye, akanong'ona: mgema akisifiwa... Wivu tu.

Jumanne, 5 Machi
Nimechemsha spiriti, nimepoza mvuke, nimekinga matone. Kipimo kinasema sehemu tisini na tano katika mia. Kumebaki maji kidogo tu. Bandu bandu huisha gogo.

Alhamisi, 7 Machi
Mara ya tano. Tisini na tano na ushee, kama jana. Nimebadilisha bomba, nimepunguza moto, nimekitukana kipimo. Wapi! Binamu anasema ikifika hapo, spiriti na maji hupanda pamoja kwenye mvuke kwa kiasi kile kile; hata nikichemsha mpaka kiama, sitavitenganisha. Eti nitie chokaa kavu iyanywe maji kwanza. Nikamjibu chokaa ni ya kuta, dada. Jioni Mjomba kamimina chai nje ya kikombe. Roho imeniuma.

Ijumaa, 8 Machi
Mara ya sita. Ng'o! Nimekaa sakafuni nikalia. Baba alipofariki, Mjomba ndiye aliyenilea. Nilitaka kumpa kitu hiki kimoja tu. Nimemwachia binamu chupa ya spiriti, nimeondoka.

Jumapili, 10 Machi
Binamu alitia chokaa kwenye spiriti yangu, akaiacha itulie, akaichemsha mara moja. Tisini na tisa na nusu! Vanishi ikapakwa, meza ikatoka kama kioo. Mjomba akaiinamia mpaka pua ikagusa mbao, akasema anauona uso wake. Ufunguo akampa binamu. Mimi akanishika bega, akaniambia nipumzike, mwanangu.

Nipumzike vipi? Nimepiga hesabu. Mimi nimechemsha mara sita, yeye moja. Saba! Kumbe nilikata tamaa nimeshafika mlangoni! Nimeshamwahidi fundi makabati pipa zima la spiriti, bila chokaa. Moto nimeuwasha uani.