Pavillon ya Mapumziko ya Wahudumu wa Wazee, Mapendo

Excellence Muwakilishi wa Muwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye amezuiliwa na majukumu mazito na ametutumia salamu nyepesi; waheshimiwa wakuu wa divisheni, na manaibu wao wanaokalia viti vyao leo; Baba Padri na Baba Mchungaji, mliokubali kuketi safu moja; Muzee Chef wa Avenue, mkubwa wa mtaa wetu; Mama Rais wa Wamama wa Soko; wafadhili wetu wapendwa mlioko Ulaya, mliofungiwa majumbani na corona, mnaotuona kupitia simu anayoishika mpiga picha wetu Jean de Dieu (Jean de Dieu, inua kidogo, unanikata kichwa); wazee wetu wa Nyumba ya Wazee Jioni Njema, mliotolewa nje na viti vyenu mpate jua; na ninyi wahudumu, mama zetu na dada zetu, mnaowaosha, mnaowalisha na mnaowageuza; mabibi na mabwana, kila mmoja kwa cheo chake, daraja lake na sifa zake, na asiye na cheo tunamtambua pia kwa kuwa amekuja: protokole yote imezingatiwa. (Makofi. Mwandishi wa kumbukumbu ameambiwa aandike "makofi makubwa".)

Mimi, kama wengi mnavyojua na wachache watakavyojua leo, ni Julien Mirindi, Coordinateur wa Kudumu wa Muda wa Komite ya Ufuatiliaji wa Usitawi wa Wazee na wa Wanaowashika Wazee. Sikuomba kazi hii. Kazi ndiyo iliniomba, nikaikatalia mara ya kwanza kwa heshima, na mara ya pili nikakuta nimeshakubali. (Makofi kutoka viti vya mbele.)

Ndugu zangu, tukumbuke tulikotoka. Corona ilipoingia Goma, Komite yangu haikulala. Tulikaa kikao, séance rasmi, tukakaa séance ingine ya kuichunguza ile ya kwanza, tukatoa uamuzi wa kihistoria: portail, lango kubwa la Nyumba ya Wazee, ifungwe, muhudumu aliye ndani abaki ndani, asitoke mpaka apatikane mwingine wa kumpokea zamu, na huyo mwingine asiingie mpaka akae kwanza peke yake, mbali na ugonjwa, katika pavillon ya mapumziko, na pavillon hiyo ijengwe haraka iwezekanavyo. Huo ndio uamuzi. Bila pavillon hakuna zamu, na bila zamu hakuna kutoka. Sehemu ya kwanza, ile ya kufunga, tuliitekeleza siku ileile, kwa ufanisi wa asilimia mia. (Muzee mmoja anakohoa. Viti vya mbele vinarudi nyuma.)

Kuna watu wenye mdomo mrefu wanaosema kwamba tangu wakati huo wahudumu wetu wanalala chini ya meza za kulia chakula. Nakanusha kwa nguvu zote. Wanalala juu ya mikeka, na mikeka ndiyo iko chini ya meza. Wanasema gants za mpira za kuvaa mikononi zinafuliwa na kuanikwa kwenye kamba moja na mashuka, zinavaliwa tena kesho. Sisi kwenye Komite tunaita hiyo utunzaji endelevu wa vifaa. Wanasema mikono ya wahudumu imechubuka kwa javel, dawa ya kuua vijidudu. Lakini ni mikono safi! Nani kati yenu wakubwa ana mikono safi namna ile? (Kicheko upande wa wazee. Upande wa wakubwa, mikono inaingia mifukoni.) Utafiti wetu unaonyesha kwamba asilimia mia na nane ya wahudumu wameridhika na hali ya kazi, na zile nane za juu ni wale walioridhika mara mbili. (Sauti ya mama: "Nani alituuliza?") Tulikadiria, mama. Kukadiria nako ni sayansi.

Halafu, waasi wakiwa huku na corona ikiwa katikati, volkano yetu Nyiragongo nayo ikaona isibaki nyuma. Mbingu ikawa nyekundu, mji wote ukachukua magodoro na kukimbia. Nani aliwahamisha wazee? Komite yangu. Kwa mikono ya nani? Ya wahudumu. Mama Masika huyu, mwenye kitambaa cha njano, alimfunga Muzee Habarurema mgongoni na kitenge kama mtoto, na Muzee akawa anampigapiga begani njia yote akimwambia apunguze mwendo, anatikisika. (Muzee Habarurema: "Na alitikisa kweli!") Wengine walipandishwa juu ya chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea viazi, wakasukumwa mpaka Sake. Na mimi, ndugu zangu, nilifuatilia operesheni hiyo kwa ukaribu mkubwa kutoka mbali, nikiwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, katika chumba chenye dirisha linaloangalia Goma. Niliona moshi. Niliumia sana. Samaki sikumumaliza. (Mtu fulani anasema "pole". Haijulikani anamwambia nani.) Wazee waliporudi wazima, wote, na wahudumu wazima, wote, walikuta portail inawangoja. Tulifunga tena kwa ufanisi uleule.

Mama Athanasie Nyirakamana, simama wakuone. Huyu ndiye mkubwa wa wahudumu wetu. Binti yake alijifungua kule Munigi wakati portail imefungwa, na mpaka leo mama huyu hajamshika mjukuu wake. Walimleta mtoto, wakamuinua, bibi akamwangalia kati ya vyuma vya portail. Sasa mtoto anatembea, na nyumba yao iliungua na lava, wako kwenye hema. Kila nikija hapa Mama Athanasie ananiomba jambo moja tu: "Papa Coordinateur, uniache niende nimushike mutoto." Moja tu! Haombi cheo, haombi gari. Mapenzi gani haya ya kazi! Nimeyaandika katika rapport, kwenye sehemu ya mafanikio. (Mama Athanasie amesimama. Hapigi makofi. Mwandishi naye hapigi.)

Jibu la ombi lake ndilo hili mnaloliona nyuma yangu. Itazameni! Pavillon ya kisasa, bati jekundu, madirisha ya vioo, maua pande zote mbili za mlango, vitanda ndani, maji ya moto ndani, na utulivu ndani. Naomba tu msisogee. Msiegemee ukuta, rangi ni mbichi. Msizunguke pembeni, pembeni kuna kazi ndogo za mwisho. Na kama upepo wa ziwa ukivuma na mkaona ukuta unapumua, msishangae: hiyo ni technologie mpya ya kukabiliana na matetemeko ya ardhi. (Upepo unavuma. Pavillon inapumua. Padri anafanya ishara ya msalaba.)

Na hawa mnaowaona kushoto kwangu, wenye vizibao vya kijani, gilet zilizoandikwa ÉQUIPE YA ZAMU, ndio wahudumu wapya. Wametoka pavillon asubuhi hii. Wamepumzika, wametengwa, wako tayari. Jean de Dieu, waonyeshe wafadhili. (Wenye gilet wanainamisha vichwa. Mmoja, Bwana Ntirenganya, anayefanana kabisa na comptable, mtunza hesabu wa Komite, anaficha tai yake. Mwingine, Mama Uwingabire, anayefanana kabisa na sekretari wa Coordinateur, anaficha kucha zake.)

Kwa hiyo, mbele ya wafadhili wetu, mbele ya Mungu na wawakilishi wake wawili walioketi hapa, natamka kwa sauti: mkasi huu utakapokata utepe huu, zamu imeanza! Nusu ya wahudumu wanaenda nyumbani mwezi mzima, nusu wanabaki, na équipe mpya inashika kazi! (Vigelegele. Hivi ni vya kweli.) Na sisi watu wa Congo hatuachiani kazi kama wezi. Chef akitoka ofisini, hata kama ofisi yenyewe ni kiti kimoja na kabati isiyo na ufunguo, tunafanya remise-reprise. Anayetoka anakabidhi mbele ya watu, anayeingia anapokea mbele ya watu, na akishasema "nimepokea", amepokea, hata kama ni nyoka. Mimi nimefanya remise-reprise saba katika maisha yangu, na zote nililia. Hakuna desturi inayonigusa kama hiyo. (Mama Athanasie amewavuta wenzake pembeni. Wananong'onezana. Wanacheka, wanafunikana midomo.)

Nakata. Moja, mbili... Jean de Dieu, umeona mkasi? Nimekata! (Makofi, ngoma, vigelegele. Muzee Habarurema anaomba utepe, anapewa.)

Ndiyo, Mama Athanasie? Remise-reprise? Sasa hivi? Mama, mimi nilikuwa nazungumza kwa kanuni, kwa upana. Kesho, kesho kutwa, Komite itakaa... Jean de Dieu, wafadhili wanasema nini? Wanataka kuona? Wote? Wamemuita na mkubwa wao? (Jean de Dieu anatikisa kichwa kwamba ndiyo.) Basi. Kwa ufupi tu. Ntirenganya, njoo mbele. Njoo, nimekuambia.

(Mama Athanasie anamkabidhi Bwana Ntirenganya beseni, kitambaa na Muzee Habarurema. Anasema: "Mbele ya batu bote, nimekupa." Bwana Ntirenganya anamtazama Coordinateur. Coordinateur anatazama simu.)

Sema, Ntirenganya. Wanangoja Ulaya. ("Nimepokea," anasema Bwana Ntirenganya, kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa. Muzee Habarurema anamkagua toka kichwani mpaka viatuni, anasema: "Huyu ni mulaini sana. Lakini tutamufundisha." Wazee wanapiga makofi mpaka viti vinalia.)

Mama Uwingabire, wewe nawe. (Muhudumu Emerance anamkabidhi bibi mmoja, Koko Thérèse, ambaye haogi bila kuimbiwa. Mama Uwingabire anasema yeye hajui nyimbo. Koko Thérèse anasema atajua leo. "Nimepokea." Vigelegele. Wengine wenye gilet wanataka kuondoka taratibu, lakini Mama Masika, ambaye yuko katika nusu inayobaki, amesimama kwenye njia na ndoo mbili. Wote wanapokea.)

Vizuri sana, vizuri, imetosha, tuendelee na protokole... Nini tena? Mama Athanasie, unasema nini? (Mama Athanasie: "Papa Coordinateur, tunatoka batu sita. Ba gilet iko batano. Wa sita ni nani?") Wa sita anakuja. Wa sita ameugua. Wa sita... Mama, usinivalishe hiyo gilet. Mama, niko na suti. Jean de Dieu, usinichukue picha sasa! Wanapiga makofi? Wamesimama? (Mama Athanasie anamkabidhi Coordinateur Muzee Hitimana, mrefu na mzito, aliyekuwa akibeba magunia sokoni Rutshuru kabla vita haijamfukuza. "Mbele ya batu bote, nimekupa." Umati wote unangoja. Hata upepo umengoja.)

Nimepokea.

(Ngoma zinapigwa. Wahudumu sita wanavua aproni, wanawakumbatia wazee mmoja mmoja, wanapita portail. Nje kuna chukudu inayopanda Munigi, na mwenye chukudu anamwambia Mama Athanasie apande. Anakataa, anasema itamuchelewesha. Kwanza anatembea. Halafu anakimbia, mama wa umri ule, viatu mkononi, na barabara nzima inampisha. Mwandishi ameweka kalamu chini kumwangalia, na amefurahi mpaka macho yamemtoka machozi.)

Mama Athanasie! Utarudi lini? (Sauti kutoka mbali: "Mwezi moja, Papa! Ulisema mweeenyewe!")

Ndugu zangu, tusitoke nje ya programu. Tunarudi kwenye nara zetu, itikieni kwa nguvu. Pavillon oyé! (Oyé!) Wahudumu juu! (Juu sana!) Corona chini! (Chini!) Volkano ilale! (Ilale!) Komite... (Watu bado wanatazama barabara.) Komite... Mama Uwingabire, itikia! (Mama Uwingabire anaimba. Koko Thérèse anamsahihisha sauti.)

Namalizia kwa shukrani. Muzee Hitimana, ngoja kidogo, nasoma shukrani. Namshukuru Papa Ndayambaje, mwenye kiwanja hiki kilicho ndani ya ukuta mmoja na Nyumba ya Wazee, aliyetuazima sehemu ya mbele ya rundo lake la mawe kwa asubuhi moja, na ameshaniambia mara mbili kwamba saa sita lori lake linakuja kupakia, tutoe kamba. Nawashukuru vijana wa mpira wa Mapendo, waliosimama nyuma wakishika miti minne bila kupiga chafya. Muzee, usinivute tai, nimekusikia, unataka kwenda chooni, choo iko wapi? Nani anajua choo iko wapi? Na namshukuru kwa namna ya pekee Papa Kambere, mwenye duka la kuchapa mabango, aliyetuchapia pavillon hii nzima kwa usiku mmoja, na bati, na vioo, na maua, upande mmoja, juu ya bâche, turubai ngumu isiyopitisha mvua. Kwa kweli, katika mji wetu hakuna jengo lililokwisha kwa wakati kama hili. Papa Kambere, uko wapi? Usiondoke! Inua mkono! Nakuomba mbele ya batu bote, kama mashine yako bado ina moto: unaweza kunichapia wahudumu sita kabla ya jioni?