Nyaya Sita Nyeupe

Jumatano, 6 Agosti

Mama mkwe amepiga simu saa kumi na mbili jioni, kama kila Jumatano. Mke wangu amekaa sebuleni na kikombe chake cha chai, kama kila Jumatano. Nami nimeingia stoo kutafuta misumari, kama kila Jumatano.

Nyuma ya godoro kuukuu kuna simu ya pili, ambayo katika nyumba hii inajulikana na mimi na mende tu. Niliiunga mwenyewe mwaka jana. Waya wake unaanzia kwenye soketi kuu ya sebuleni, unapita nyuma ya kabati la vyombo, unatokeza stoo. Nikaupaka rangi nyeupe ya ukuta. Kazi safi!

Leo mke wangu amemlalamikia mama yake kwamba mlango wa kabati la jikoni umelegea. Vizuri. Kesho nitaukaza, naye atashangaa jinsi mumewe anavyosoma mawazo. Ndivyo nilivyopata habari za bomba, za kamba ya kuanikia nguo na za kitasa cha bafu. Mwanamke huyu ana bahati.

Kasoro moja. Vumbi la godoro limenipanda puani, nikapiga chafya. Nimetupa kila kitu nikatoka mbio. Sidhani kama kuna aliyesikia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekaza mlango wa kabati kabla ya kunywa chai. Mke wangu akauliza nimejuaje. Nikatabasamu tu.

Furaha haikufika adhuhuri. Simu imekufa! Binti yetu ndiye aliyegundua. Haina mlio, haina mkwaruzo, kimya. Akakaa chini sakafuni.

Nami nikakumbuka. Yuko kwenye orodha ya akiba ya chuo cha uuguzi, mwaka wa pili huu. Kuna nafasi moja iliyoachwa wazi. Karani wa chuo atapiga Jumamosi asubuhi, kati ya saa tatu na saa nne, kwa namba aliyoijaza binti kwenye fomu. Ambayo ni hii. Asipopokea, nafasi inakwenda kwa anayemfuata. Mtoto amekwisha kujifunza mifupa yote ya mwili kwa kunishika mimi. Najua nina mifupa mingapi kwenye kifundo cha mkono, wala sikuuliza.

Mke wangu akasema tumwite jirani. Jirani ni fundi simu mstaafu, miaka arobaini kazini. Mimi namwita Bwana Nilisema, maana kila balaa likitokea mtaani yeye alikwisha kulisema. Nikajibu kwamba huyo mzee macho yamechoka, kwamba mafundi wa zamani hawajui soketi za siku hizi, kwamba mimi mwenyewe nina mikono miwili.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Akiifungua soketi ataona waya wangu. Akiuona ataufuata. Akiufuata, nimekwisha.

Jioni nimefungua kifuniko cha soketi. Ndani nyaya sita. Mbili zinatoka nje kwenye nguzo, mbili zinakwenda kwenye soketi tupu ya chumbani kwetu, mbili ni zangu. Zipi ni zipi? Zote nyeupe! Mwaka jana sikupaka waya wangu peke yake. Nilipaka kila nilichokiona, hata ndani ya soketi, ili zifanane. Zinafanana kweli.

Nimezikata zote ili nianze upya. Sasa naona pengine ningezifunga nyuzi za rangi kwanza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimenunua soketi mpya. Muuza vifaa akauliza fundi wangu ni nani. Nikamwambia fundi ndiye huyu. Akanitakia heri kwa sauti ambayo sikuipenda.

Kuzitambua nyaya. Nilikumbuka tulivyokuwa tukipima betri utotoni kwa ulimi. Nikaonja jozi ya kwanza: chokaa. Ya pili: chokaa. Ya tatu ikanirusha hadi kwenye kochi! Hizo ndizo za nje. Nikavuta waya wangu nyuma ya kabati, na jozi iliyotikisika ndiyo yangu. Akili ni mali.

Nikaziunga zile za nje. Nikaunga za chumbani. Hapo nikasita. Nilikuwa nimeshika nyaya zangu mbili mkononi na roho moja ikaniambia ziache, hatari ya nini. Roho nyingine ikaniambia Jumatano haiko mbali. Nikaziunga. Nikafunga kifuniko, nikapuliza vumbi, nikaita familia. Nikamkabidhi binti mkonga wa simu.

Kimya.

Mke wangu akauliza kwa nini nasema kama nina viazi mdomoni. Nikajibu ni uchovu. Akamtaja tena jirani. Nikasema nipewe hadi asubuhi.

Binti amepiga pasi gauni lake jipya kwa ajili ya simu ya kesho, kana kwamba karani atamwona. Nimeliona limetundikwa mlangoni na moyo umeniuma kabisa. Mtu mwenye haya angekwenda kubisha kwa jirani sasa hivi. Mimi nimekwenda kulala.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeamka saa mbili na nusu. Bwana Nilisema yuko sebuleni kwangu! Binti alimfuata mwenyewe. Mzee amepiga magoti mbele ya soketi yangu, miwani kwenye pua, kibegi cha ngozi pembeni. Alikuwa akisema, "Nilisema."

Akasifu jinsi nilivyounga nyaya za nje. Nikavimba. Kisha akaanza kutoa jozi moja moja, akisikiliza mkonga kila mara. Akatoa za chumbani: kimya. Akarudisha. Akatoa jozi ya mwisho, na mlio ukajaa chumba kizima.

"Laini ya nje ni nzima," akasema. "Ugonjwa umo humu ndani, na mgonjwa ni huyu."

Ilikuwa saa tatu na dakika saba. Simu ikalia. Binti akaidaka. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo. Ndiyo. Tarehe mosi. Akaweka mkonga chini taratibu, kisha akanirukia shingoni na kunibusu, mimi niliyekaribia kumkosesha nafasi. Nimelia. Wamedhani ni furaha, na nusu yake ilikuwa furaha.

Nilipofuta macho, Bwana Nilisema hakuwepo kwenye soketi. Alikuwa anatembea na kidole chake ukutani. Amefika kwenye kabati la vyombo. Amelipita. Nikakimbia nikasimama mlangoni pa stoo, nikamwambia humo kuna nyoka.

Mke wangu hata hakuinua sauti. "Mpishe mzee, mume wangu. Hiyo simu yako naijua tangu mwaka jana."

Jirani akasogeza godoro. Simu ilikuwa pale, mkonga umelala sakafuni tangu chafya ya Jumatano. Laini ilikuwa wazi karibu siku tatu. Soketi ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Mke wangu akaeleza, mbele ya watu. Mara ya kwanza alisikia pumzi zangu. Mara ya pili akajaribu kumtajia mama yake bomba linalovuja, na kesho yake bomba likawa zima. Nikiambiwa usoni, akasema, kitu kinakaa miezi mitatu. Nikiambiwa kwa simu, siku moja. Mama mkwe ndiye huchagua kitakachofuata.

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilifika zaidi ya mia tatu, lakini leo sikujisifu.

Jumapili, 10 Agosti

Bwana Nilisema ameng'oa waya wangu wote na kuondoka na simu, eti ujira wake. Mama mkwe amepiga kumpongeza mjukuu. Baadaye yeye na mke wangu wakacheka dakika ishirini na moja. Nilikaa jikoni. Sikusikia hata neno.

Nimetubu. Mambo ya watu niyaache kwa watu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimelitafakari sana kosa langu. Kosa lilikuwa vumbi. Leo nimelitupa godoro, nimefagia stoo, nimepiga deki hadi pembeni. Muuza vifaa ana simu za mitumba. Waya safari hii nimeupaka kijani, usichanganyike na za watu.

Saa kumi na mbili mama mkwe akapiga. Mke wangu akamwambia, "Mama, ile stoo tuliyokuwa tukiiwazia, ameifagia bila hata kutajiwa. Sasa imebaki mifereji ya paa."

Nimesikia kila neno, laini ni safi kabisa. Kesho alfajiri napanda na ngazi. Atashangaa nimejuaje.