Nilivyokwenda Kumshtaki Mwalimu wa Michezo

Wenzangu, leo nimevuliwa nguo, na buibui nimelivaa.

Wacha nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho mtasema nimetunga.

Mnamjua binti yangu Rukia, yuko kidato cha tatu. Wiki mbili zilizopita alianza tabia ya kunishika mkono. Nakanda unga wa mahamri, huyo yuaja. "Mama, nipe mkono." Nafua, yuaja. "Mama, mkono." Ananishika hapa penye kifundo, ananyamaza kimya, macho kwenye saa yake, halafu ananiachia anakwenda zake.

Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili nikajiuliza anataka nini. Siku ya tatu hajataka kitu bado, na hapo ndipo nilipoogopa. Msichana wa miaka kumi na saba anamshika mamake mkono kwa hiari yake? Na haombi simu? Hapo pana jambo.

Juma lililopita mbuzi wa jirani akatafuna kanga iliyokuwa kwenye kamba. Nikamkimbiza mpaka karibu na msikiti, nikarudi natweta kama mashine ya kusaga. Mtoto hakuniletea hata maji. Alinidaka mkono pale pale mlangoni.

"Rukia, una nini wewe?"

"Hakuna kitu, Mama. Usizungumze kwanza."

Nisizungumze! Mimi! Nyumbani kwangu!

Sasa, nina mgeni. Mavyaa wangu, mamake Salim mume wangu, alikuja kutoka Lamu kukaa wiki moja. Hii ni wiki ya sita. (Silalamiki. Natoa taarifa tu.) Jana baada ya chakula cha mchana akaniita chumbani kwake, akafunga mlango.

"Zuhura, mtoto huyu wamtazama?"

"Kafanya nini, Mama?"

"Nimejinyoosha zangu, nafumbua jicho moja, namkuta kanisimamia kitandani. Kanishika mkono, yuanitazama kifua, saa mkononi, midomo yatikisika. Mtoto yuahesabu pumzi zangu! Kwani mna haraka na mimi?"

Nikaapa kwamba hatuna haraka. Nikaapa mara tatu. (Ya tatu nahisi ilizidi, kwa vile alivyonitazama.)

Leo asubuhi, Rukia alipokwenda shule, nikaliona daftari lake. Sikupekua, jamani. Nilikuwa natandika kitanda, nikainua godoro, nikafungua mkoba uliokuwa chini yake, basi daftari likawa humo.

Ndani hamna maneno. Ni herufi na namba, kurasa nne nzima. B 70. B 71. B 70. S 66. Z 68. Z 90. Z 112. Z 118!! Na hiyo ya mwisho imepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu.

B ni bibi yake. S ni Salim. Z ni mimi. Nilidhani ni kilo. Lakini mimi sina kilo mia na kumi na nane! (Msiniulize nina ngapi.) Na hata kama ni kilo, mtu hapandi kutoka sitini na nane kwa wiki mbili, hata akila mahamri yangu yote.

Nikageuza jalada la nyuma. Hapo sasa pameandikwa: "Mwl. Kazungu anasema WASIJUE mpaka tumalize."

Wasijue! Mpaka wamalize nini? Wammalize nani?

Mwalimu Kazungu ni mgeni pale shuleni, amekuja muhula huu kusomesha michezo na afya. Sikumpenda tangu niliposikia kwamba anawapa wasichana kazi ya nyumbani ya somo la kukimbia. Kazi gani ya nyumbani? Wakimbilie wapi?

Nikampelekea mavyaa daftari. Miwani yake huisahau kila mahali, kwa hiyo nikamsomea. Akasema, "Vaa. Twende."

Nikampigia simu Salim kazini kwake Gongoni, huko kwenye mashamba ya chumvi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani hamuwezi kumuuliza mtoto?"

"Mamako pia asema twende shuleni."

"Wewe na mama mmekubaliana?" Akashusha sauti. "Basi kweli kuna hatari."

Tukachukua tuktuk. Njia nzima ya kutoka Mambrui mavyaa alinishika bega, akaniambia, "Wewe sema, mimi nitakuwa shahidi." Miaka kumi na minane ya ndoa, leo ndiyo mara ya kwanza tuko upande mmoja. Wallahi nilijihisi jemadari.

Tulimkuta Mwalimu Kazungu darasani. Kijana mwembamba, suruali ya michezo, kipenga shingoni. Wanafunzi wametoka uwanjani, wanavuja jasho, na ukuta mzima umebandikwa makaratasi makubwa. Rukia alikuwa safu ya mbele. Aliponiona alijifunika uso kwa mtandio wake. Nikasema moyoni, naam, hiyo ni dalili ya hatia.

"Shikamoo mama, shikamoo bibi," mwalimu akasema.

Sikuitikia! Niliinua daftari juu.

"Mwalimu! Nani amekupa ruhusa ya kuwatuma watoto wahesabu pumzi za wazee wao kwa siri? Watufanyia nini? Namba hizi zaenda wapi?"

Mavyaa akaongeza, "Sema, mimi nashuhudia!"

Kijana wa watu hakukasirika. Na hilo ndilo lililonimaliza.

"Samahani sana, mama. Ni mapigo ya moyo. Kila mwanafunzi anapima watu watatu wa nyumbani kwao, wakipumzika na wakifanya kazi, tuone moyo unavyobadilika. Niliwaambia wasitangaze, kwa sababu mtu akijua anapimwa, moyo unabadilika wenyewe. Kosa ni langu, ningewaandikia wazazi barua kwanza."

Mapigo ya moyo.

Nikashusha daftari polepole. Ningeondoka hapo, nyote mngeniheshimu mpaka leo. Lakini nilikuwa nimesimama na uso wangu wote huo, na mwalimu akataka kunifariji.

"Karibuni muone, msione haya. Hii hapa ndiyo kazi bora ya darasa. Majina hatuandiki, ni siri ya mtu." Akasimama kando ya karatasi moja kubwa yenye mistari ya kupanda na kushuka.

Nilimtazama Rukia. Rukia alikuwa anatikisa kichwa. Si kidogo. Alikitikisa kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni. Nikafikiri anaona haya kusifiwa.

Mwalimu akasoma kwa sauti ya darasani.

"Mtu wa pili. Mwanamke, miaka arobaini. Akilala, sitini na nane. Akikanda unga wa mahamri, tisini. Akimkimbiza mbuzi, mia na kumi na mbili."

Mahamri. Mbuzi. Miguu yangu ikaanza kuelewa kabla ya kichwa.

"Na hapa sasa ndipo pa ajabu," akasema, amefurahi kweli kweli. "Amekaa tu mkekani, hafanyi kazi yoyote. Mia na kumi na nane! Sababu imeandikwa: mavyaa kamwita jina."

Darasa likaangua kicheko. Nikamsogelea mavyaa nimzibe asione ile karatasi. (Kumziba macho mtu anayesomewa! Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.)

"Yaani mavyaa amemshinda mbuzi!" mwalimu akasema.

Msichana mmoja nyuma akainua mkono. "Mwalimu, na hii ya chini ni siku gani? Sitini na nne?"

Mwalimu akainama kusoma. "Mavyaa ameshinda Malindi."

"Kumbe chini kuliko akilala!"

"Hasa! Umeona vizuri sana."

Ya Rabi. Nilitafuta dirisha. Yote yana vyuma.

Mavyaa akakohoa. Darasa likanyamaza, maana sauti yake ni ya kunyamazisha watu, hata wasiomjua.

"Mwalimu, huyo mbuzi alikula nini?"

"Kanga, bibi. Imeandikwa hapa."

"Kanga ya nani?"

Mwalimu akasogeza uso karibu na karatasi. "Ya mavyaa."

Hilo sikuwa nimemwambia mavyaa. Nilimwambia imechukuliwa na upepo.

Hapo ndipo Mwalimu Kazungu alipomtazama bibi, akanitazama mimi, akaitazama karatasi, akamtazama Rukia aliyekuwa sasa chini ya dawati. Maskini, hakujua. Nilimuonea huruma, lakini huruma yangu mwenyewe nilikuwa naihitaji zaidi.

"Na mtu wa tatu?" mavyaa akauliza, mpole kabisa.

"Huyu ni... huyu ni bibi, miaka sabini. Sabini, sabini na moja, sabini. Habadiliki. Moyo madhubuti, mashallah."

"Mashallah," mavyaa akasema. Akaaga darasa zima.

Kwenye tuktuk hata dereva aliacha kuimba. Mimi nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi, kila nikianza yanakwama. Tulipofika, akavua viatu, akaketi.

"Zuhura, miaka yote hii nikidhani hunijali. Kumbe ukisikia sauti yangu moyo wenda mbio."

Jamani, nimelichunguza neno hilo tangu adhuhuri. Alikuwa anatania? Alinisamehe? Alinichoma? Uso wake haukuniambia kitu. Moyo sabini, sabini na moja.

Kisha akamwita Salim kwenye simu, mbele yangu.

"Mwanangu, ile tikiti ya basi ya Ijumaa usikate. Mkeo moyo wake wataka mazoezi. Nitakaa naye mpaka Idi."

Basi ndiyo hivyo. Msinicheke. Atakayecheka aniandikie anaishi wapi, nina mgeni mzuri wa kumletea.